Mheshimiwa Mmoja na Spika Zangu Nne

Ninyi vijana mnaonipitia hapa Jeppestown na kuniuliza, "Mama Spika, hivi kazi yenyewe ilikuwaje?", huwa nawajibu kwa mkato kwa sababu mnauliza huku macho yako kwenye simu. Leo miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya chumvi na sina pa kwenda. Kaeni.

Tuanze na jina, maana kuna wanaodhani ni la kejeli. Bunge la mkoa wetu lina Spika wake. Anavaa joho, anakaa kwenye kiti kirefu, na akisema "kimya" waheshimiwa ndiyo kwanza wanazidisha kelele. Mimi nilikuwa na spika nne, nyeusi, nzito kama majeneza, na zikisema hata aliyelala nyuma ya ukumbi anashtuka na kuokota kofia yake. Niambieni nyie nani kati yetu alifanya kazi.

Nilikuwa nafunga vyombo vya sauti: maiki, miksa ya kuchanganyia sauti, nyaya, spika. Harusini wanakulisha, msibani wanakulisha, kanisani wanakuombea. Kwenye mikutano ya siasa wanakupa fulana. Ninazo za kila chama mpaka leo, na sijaona kitambaa kinachofuta vumbi la spika vizuri kama uso wa mgombea.

Sikusomea. Nilitoka Kigoma na mzigo wa vitenge, nikidhani nitauza mjini kati na kurudi nyumbani. Redio yangu ikaharibika, nikaipeleka kwa mzee mmoja Msotho aliyekuwa na kibanda cha ufundi nyuma ya gereji, mtaa wa pili kutoka nilipopanga. Ntate Mokoena tulimwita. Ntate kwao ni kama kusema baba. Nikasimama mlangoni kumchunga kama askari: mbona umegusa hapo, mbona unafungua huko? Mzee akachoka. Akanipa chuma cha kulehemu kikiwa cha moto, kwa upande wa mpini namshukuru Mungu, akasema, "Malizia mwenyewe basi, daktari." Nikamalizia. Redio haikupona, lakini mimi sikuondoka tena kwenye kile kibanda.

Kazi yangu ya kwanza bila yeye ilikuwa kanisa la Wakongo, ghorofa ya tatu ya jengo la zamani mjini kati, ambako zamani palikuwa na ofisi za bima. Nikapanga spika nyuma ya mchungaji kwa sababu niliona zinapendeza pale, moja kila upande kama maua. Kama hujui, maiki ikisikia spika yake yenyewe inachanganyikiwa. Sauti inazunguka, inazunguka, mpaka inapiga mluzi wa kutoboa fuvu. Mchungaji akafika mahali pa kuamrisha pepo. Akanyoosha mkono, akapaza sauti, "Sema jina lako!" Spika zikajibu. Wiiiiii! Watu wawili wakaanguka, mama mmoja akatoa ushuhuda hapohapo, na mwimbaji mmoja wa kwaya akaacha pombe. Nilijua nimefukuzwa. Baada ya ibada mchungaji akanivuta pembeni, akauliza kwa upole kama naweza kuifanya ile sauti itoke tena Jumapili ijayo, mahali palepale.

Ntate Mokoena alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka, akanifundisha. Spika zikae mbele ya msemaji, zikitazama watu, zisimtazame yeye. Nyaya zipite ukutani, na pale zinapovuka njia zibandikwe chini kwa utepe wa gundi, kwa sababu kuna siku mtu atacheza hata kwenye mkutano wa bajeti. Usimpe mtu wa umati maiki aishike. Mshikie wewe, umsogezee mdomoni, maana akishaishika kuirudisha ni vita. Na ukifika ukumbini, usianze kwa kutafuta jukwaa. Tafuta swichi kuu ya umeme na mlango wa nyuma. "Cha kwanza kwa ajili ya vyombo," aliniambia, "cha pili kwa ajili yako."

Waheshimiwa wana namna zao za kula maiki. Kuna wa kuigonga, to to to, kana kwamba kuna mtu ndani. Kuna wa kuiweka mbali kama anayenusa samaki. Mheshimiwa Ndimande, mbunge wetu wa mkoa, alikuwa wa kumeza. Mdomo wake ukigusa maiki huuoni ulipoishia. Nilidhani ni ushamba. Baadaye nikajua sababu, na hapo ndipo kisa chenyewe kinaanza.

Msimu wa bajeti ni kama msimu wa mafua, kila mheshimiwa anawakoholea wananchi. Mwaka huo Ndimande aliniajiri kwa mikutano mitatu. Msaidizi wake alikuwa kijana mmoja, Tebogo, mwenye viatu vyenye ncha ya kuulia mende kwenye kona. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga kumbi na kuwatumia watu ujumbe.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumatano, kwenye tawi la chuo kikuu lililo nje kidogo ya mji. Wanafunzi walijaa mpaka madirishani. Wengi walikuwa wamepewa ufadhili unaoishia katikati ya mwaka, na ada isiyokamilika maana yake ni kuzuiwa kufanya mtihani. Mheshimiwa akaimeza maiki yangu, akatangaza, "Kipaumbele changu cha kwanza ni chuo kikuu cha umma! Mtoto wa maskini hatabaki nje ya geti!" Walipiga miluzi, wakaruka. Binti mmoja mwembamba mwenye miwani akaomba nafasi. Nikamsogezea maiki.

"Mheshimiwa," akasema, "hilo umeliandika wapi?"

"Moyoni, mwanangu."

"Moyoni kuna fungu la bajeti?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. Nikamuuliza yule binti jina. Nandi.

Alhamisi tukawa mtaa wa Alexandra, kwenye ukumbi wa shule. Hapo palikuwa na madereva wa teksi, vile vibasi vyeupe vinavyobeba nusu ya mji huu, na wazazi, na akina mama wa sokoni. Walichotaka wao ni barabara. Kuna barabara ya mkoa inayotoka upande huo kwenda mpaka kule kwenye chuo, na inapovuka kijito, kalavati lilikuwa limeliwa na mvua, nusu ya lami imetumbukia. Teksi zilikuwa zinageuzia hapo. Wanafunzi wanashuka, wanamalizia kwa miguu ukingoni mwa barabara, malori yanawapita ubavuni. Mwezi uliotangulia lori lilikuwa limemgonga mwanafunzi mmoja. Alipona, ila mguu haukurudi kama ulivyokuwa.

Akasimama mama mmoja mnene, dereva wa teksi, kofia ya sufu kichwani ingawa kulikuwa na joto. MaMthembu wanamwita, hilo Ma ni la heshima. Hakungoja maiki.

"Mheshimiwa, lile shimo la pale mtoni sasa limefikia umri wa kuanza shule. Tukuletee sare umvalishe?"

Mheshimiwa akaimeza maiki. "Mama yangu, kipaumbele changu cha kwanza ni barabara!"

Shangwe. Mimi niko nyuma ya miksa, mkono kwenye kitufe, najiuliza kama nimesikia vizuri. Wakati tunapakia vyombo nikamuuliza Tebogo, "Hivi bosi wako ana vya kwanza vingapi?"

Akakunja waya, hakunitazama. "Mama, kila ukumbi una cha kwanza chake."

Mkutano wa tatu ulikuwa Jumamosi, mjini kati, ukumbi wa ghorofa ya kwanza wenye mapazia mazito yanayonuka vumbi la miaka. Mpango ulikuwa wanafunzi waje asubuhi, wakazi waje alasiri. Tebogo, Mungu ambariki, aliwatumia wote saa ileile. Kidole tu kiliteleza kwenye simu. Kufika saa hiyo, wanafunzi wamekaa kulia, madereva na wazazi kushoto, njia katikati yao kama mto, na kila upande unautazama mwingine kwa jicho la "hawa nao wamekuja kufanya nini?"

Mheshimiwa akachungulia kutoka nyuma ya pazia. Akanigeukia. "Mama, hawa ni akina nani?"

"Ni vipaumbele vyako vya kwanza, Mheshimiwa. Vyote viwili."

Jasho likamtoka. Akatoa leso nyeupe mfukoni, akajifuta, halafu akaniinamia sikioni. "Nikiinua hii leso juu, maiki ipate hitilafu. Tumeelewana?"

Vijana, hili nawaambia kwa sababu litawakuta. Mtu anayekulipa atakuja siku moja akuombe uharibu kazi yako mwenyewe, na ataomba kwa upole kabisa. Nikamwambia, "Maiki zangu hazina hitilafu. Ukitaka yenye hitilafu tafuta fundi mwingine, na leo Jumamosi wote wako harusini." Tebogo akaanza kuvichunguza viatu vyake.

Akapanda jukwaani. Akazunguka huku na huku, akapita kwenye historia, akapita kwenye mustakabali, mwisho akasema, "Ndugu zangu, chuo na barabara ni kama mapacha."

Dereva mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Yupi alitoka kwanza?"

Ukumbi wote ukacheka, kulia na kushoto. Nandi akasimama. Nikampelekea maiki. "Jumatano ulituambia ni sisi. Hawa wazazi hapa wanasema Alhamisi uliwaambia ni wao. Sasa tuambie ni—"

"Nandi!"

Sauti ilitoka kushoto. Ilikuwa ya MaMthembu, amesimama, kofia imekaa upande. "Wewe si uko darasani?"

"Ni Jumamosi, Ma."

"Nilikwambia ukasome, siyo uje kubishana na wakubwa!"

"Nitasomea wapi, Ma? Ufadhili umeisha. Wamesema sifanyi mtihani." Aliisema kwenye maiki, na spika zangu nne zikampelekea mama yake habari hiyo mbele ya ukumbi mzima. Hakuwa amemwambia nyumbani. Niliona uso wa MaMthembu ukibadilika, nikatamani ningekuwa nimeisogeza maiki mbali kidogo. Lakini nani angejua?

"Na wewe Ma, kwa nini uko hapa?" Nandi akauliza, polepole.

"Kwa sababu kila siku nakushusha pale mtoni, halafu natazama kwenye kioo namna malori yanavyokupita!"

Mheshimiwa naye jasho likamzidi, na naapa mpaka leo naamini lilikuwa jasho tu, akainua leso ajifute paji la uso. Na umeme ukakatika.

Pateni picha. Leso juu, maiki kimya, taa zote zimezimika, na mapazia yamefungwa. Nani atakuambia ni bahati mbaya? Mtu mmoja akapiga ukelele gizani, "Yule kwerekwere kazima! Kalipwa!" Hilo ndilo neno wanalotuitia sisi wageni tuliotoka nchi za juu, na likitamkwa kwa sauti ile, mwili unajua kabla ya kichwa. Viti vikakwaruza sakafu. Kijana mmoja akafika mezani kwangu, akaikamata miksa kwa mikono miwili. Huko nyuma nimeona watu wakichomewa maduka kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mlango wa nyuma nilikuwa naujua uko wapi. Hatua chache tu. Lakini kusema kweli hasira zilikuwa zimenipanda. Kazi yangu yote ni kuhakikisha watu wanasikika, halafu niuawe kwa kosa la kuwanyamazisha?

Nikapanda juu ya sanduku la spika. Nikapiga kelele kwa Kizulu changu, ambacho watu huniambia kinafanana na mtu anayejibu huku anatafuna: "Fungueni mapazia! Itazameni robot!"

Robot ni taa za barabarani. Ndivyo tunavyoziita huku. Mtu wa karibu na dirisha akavuta pazia. Chini kwenye njia panda robot ilikuwa imekufa, magari yamefungamana kama nyuzi, na mzee mmoja mwenye fulana ya kung'aa anaongoza foleni kwa mkono mmoja na kuombea sigara kwa mwingine. Jengo la ng'ambo giza. Duka la chini giza. Umeme ulikuwa umeondoka mtaa mzima.

"Eish," mtu akasema.

Kicheko kikaanzia hapo, kidogo, halafu kikaenea. MaMthembu alikuwa ameshafika mezani kwangu. Akamwondoa yule kijana mikono kwenye miksa, kidole kimoja kimoja, kama anayemnyang'anya mtoto sukari. "Huyu mama kafanya nini? Rudi ukakae." Kijana akarudi akakaa. Mimi nikashuka kwenye sanduku, nikakagua nyaya za miksa moja moja.

Mheshimiwa akaona mlango umefunguka kwa neema. "Basi ndugu wananchi, kwa kuwa hatuna umeme, tutawapangia siku nyingine..."

MaMthembu akaenda akasimama mlangoni, na akisimama mlangoni, mlango umekwisha. "Umeme ndio umeondoka, Mheshimiwa. Wewe bado upo. Ongea kwa mdomo."

Akaongea. Ndipo nikajua kwa nini alikuwa anameza maiki. Mtu yule hakuwa na sauti. Kasauti kembamba, ka kuazima, kama ka mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Watu wa mbele wakasikia nusu, wa nyuma hawakusikia kitu. Wakaanza kusogeza viti. Wa kulia wakasogea, wa kushoto wakasogea, ile njia ya katikati ikapotea, wakamzunguka kama wanaoota moto. Na kwa sababu hakuweza kupiga kelele, hakuweza pia kuhutubia. Ikabidi aseme tu.

"Vyuo vikuu viko mikononi mwa serikali kuu," akasema. "Sisi mkoani tuna fungu la kufadhili wanafunzi, basi. Barabara ile ndiyo yetu. Kwenye kamati yangu mwaka huu nina nguvu ya kusukuma jambo moja. Nikipeleka mawili, wataninyima yote mawili. Hiyo ndiyo kweli."

"Mbona hukusema tangu Jumatano?" Nandi akauliza.

"Mngenizomea."

"Tungekuzomea. Halafu tungekusikiliza."

Walibishana kwa muda mrefu, na haukuwa ubishi wa kistaarabu. Mtu alitukaniwa mpaka viatu, na wengine walimtukana Mheshimiwa kwa lugha tatu bila kurudia tusi. Kilichonishangaza ni wale wawili. MaMthembu, aliyekuja kupigania lami, akasimama kudai ufadhili. "Mimi shimo nitalizunguka! Nimelizunguka miaka! Msukumie mtoto wangu ada!" Na Nandi, aliyekuja kupigania ada, akasimama kudai barabara. "Kuna mwenzetu ana ufadhili kamili na anasomea kitandani, mguu juu ya mto. Kesho ni nani? Tengeneza barabara." Wenzake wakamwita msaliti. Mama yake akamwita mjinga. Mheshimiwa akawa anawatazama kama mtu anayefuatilia mpira bila kujua anashabikia upande gani.

Mwishoni wakanyoosha mikono. Barabara ikashinda, kwa shida. Nandi aliunyoosha wake juu kabisa, mama yake amemkazia macho, machozi yanamtoka.

Na Mheshimiwa Ndimande, nampa haki yake, aliisukuma. Baada ya miezi mingi zikaja katapila, wakaja watu wa kofia za njano, kalavati jipya likawekwa, lami ikamwagwa. Ila Nandi hakufanya mtihani mwaka ule. Alikaa kiti cha mbele kwenye teksi ya mama yake, akikusanya nauli na kurudisha chenji, akiwapeleka wenzake kwenye madarasa ambayo yeye hakuruhusiwa kuingia. Niliipanda ile teksi mara kadhaa. Mama na binti walikuwa wanaongea kuhusu nauli tu. Niliona uchungu, nikawa nalipa nauli bila kudai chenji.

Siku ya kufungua barabara wakaniita nikafunge vyombo. Hema jeupe, viti vyenye vitambaa, keki yenye umbo la barabara ambayo sikuelewa iliwazwa na nani. Utepe mwekundu umefungwa kukatiza lami, na askari wa usalama barabarani wamesimamisha magari pande zote mpaka hotuba ziishe. Nilimpa Mheshimiwa maiki isiyo na waya, ya kisasa. Nilikuwa nimeinunua kwa sababu nimechoka kukunja nyaya. Ntate Mokoena wakati huo alikuwa ameshaacha kazi, macho yalimchoka, lakini alizichukia maiki hizo. "Maiki ya waya," alikuwa anasema, "mtu anakumbuka kuwa amefungwa."

Hotuba zikarefuka. Mbele kabisa ya foleni ilikuwa teksi ya MaMthembu, imejaa wanafunzi waliokuwa na mtihani saa ileile. Akapiga honi. Askari akamwashiria atulie. Akapiga tena, ndefu zaidi, na abiria wakaanza kuimba. Mheshimiwa akaona aibu inakuja, akaacha hotuba, akatembea mpaka kwenye teksi, mkasi mkono mmoja, maiki mkono mwingine, ameuteremsha ubavuni kama watu wanavyofanya wakidhani wamemaliza.

Dirisha la mbele likashuka. Nandi akatoa kichwa.

"Barabara nzuri, Baba," akasema. "Tumeipata. Sasa ada."

Mheshimiwa akainama dirishani, na maiki ikapanda naye mpaka kifuani. Akasema kwa kile kisauti chake halisi, kile cha siku ya giza, "Mwanangu, nakuona kila nikipita hapa, na silali vizuri. Mwaka ujao nasukuma ufadhili. Watasema nimekuwa kigeugeu, wataniondoa kwenye kamati. Waniondoe."

Alidhani anamnong'oneza. Spika zangu nne zilikuwa zinatazama watu, kama nilivyofundishwa, na kila neno likaenda mpaka ng'ambo ya kijito. Wageni wa heshima chini ya hema wakasimamisha uma hewani. Halafu wanafunzi ndani ya teksi wakapiga ukelele, madereva wote kwenye foleni wakapiga honi, na MaMthembu, ambaye nadhani alikuwa anangojea sababu tu, akaingiza gia akapita. Utepe ulikatwa na bampa. Askari aliinua mkono amsimamishe, akabadilisha mawazo, akautumia kujikuna.

Mheshimiwa alibaki katikati ya lami mpya na mkasi usio na kazi. Akaja polepole mpaka kwenye meza yangu.

"Mama, hii ilikuwa imewashwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Akaitazama maiki, akanitazama mimi, akaiweka mezani kwa uangalifu mkubwa. "Nipe chai," akasema. Akanywa vikombe viwili amesimama, bila kuongea, na ndiyo mara pekee niliyompenda.

Alilisukuma lile jambo. Hakuwa na namna, mji mzima ulikuwa umemsikia. Ufadhili ukaongezwa, haukutosha wote, na kweli kamati wakamwondoa, wakampeleka kwenye ile inayoshughulikia mambo ya makaburi na bustani. Tebogo akahamia kwa mheshimiwa mwingine na viatu vyake. Msiniulize kama hao walikuwa watu wema au wabaya. Mimi nilikuwa nawawekea sauti tu, na mtu akisikika vizuri kwa muda wa kutosha, mnamjua wenyewe.

Nandi alikuwa miongoni mwa waliopata ufadhili. Siku anarudi chuoni nilikuwa ndani ya ile teksi, nakwenda kufunga vyombo kwenye harusi upande huo. Kijito tulikipita bila hata kukiona. MaMthembu hakusimama kituoni pamoja na wengine. Aliingia mpaka mbele ya geti la chuo, mahali teksi haziruhusiwi, akazima injini, akakandamiza honi na kuishikilia mpaka mlinzi akatoka mbio kibandani, kofia mkononi, kuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu," MaMthembu akamwambia. "Nashusha mwanafunzi."